Nafasi ya Sita Kwenye Kadi

Wanachuo wenzangu, mwangaluka. Kwa wasiojua, hiyo ni salamu ya kwetu Usukumani, na naitumia makusudi kwa sababu jambo ninaloleta leo limetokea kwetu Binza, mkoani Simiyu. Najua wengi mkisikia bima ya afya mnafungua ukurasa unaofuata. Bima kwetu ni ile elfu hamsini na mia nne tunayokatwa kila mwaka, halafu ukiumwa kichwa unaenda zahanati ya chuo unapewa panadol. Naomba dakika kumi tu. Baada ya hapo tubishane kantini kama kawaida yetu.

Nianze na baba yangu mdogo. Ni mkulima wa pamba na ana ng'ombe wachache, si wa kutisha. Miaka mitatu iliyopita alisikia mkutanoni habari za CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6, unatibiwa kuanzia zahanati ya kijiji na unapewa rufaa kwenda mbele. Akapiga hesabu yake. Yeye mmoja, mke wake wa pili, watoto wanne. Sita kamili! Akauza magunia mawili ya choroko, akaenda na familia yote kupigwa picha.

Picha tano zilipigwa. Mama mdogo alipofika mbele ya meza, mwandikishaji akauliza, "Mzee, namba ya NIDA ya mama iko wapi?"

Baba mdogo akasema hana.

"Kwa nini hana?"

Kimya. Baba mdogo ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile, anavyosimulia mwenyewe, ulimi ulikwama. Yule kijana hakuwa na ukali wowote. Akasema taratibu, "Basi tumwache kwanza. Akipata atakuja kuongezwa."

Hilo neno "kwanza" sasa lina umri wa miaka mitatu. Kadi ililipiwa 30,000 ya watu sita, ina watu watano. Mwaka wa pili ikalipiwa tena 30,000 ya watu sita, watu watano. Nafasi ya sita ipo wazi na pesa yake imeshalipwa, na mwenye nafasi yuko jikoni anapika michembe.

Mama mdogo alizaliwa Burundi. Sitamtaja jina, na mambo mengine madogo nimeyageuza, maana kuna watu wanasoma gazeti letu ambao si wanafunzi. Alivuka mpaka akiwa mtoto mdogo mgongoni mwa bibi yake, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na watu kukimbia kwa maelfu kuingia Kigoma na Kagera. Alikulia kambini. Bibi alipofariki, binti akatoka kambini bila kibali, akafanya kazi za ndani, akavuna pamba za watu, akakutana na baba mdogo kule Kahama kwenye shughuli za mnada. Yupo Binza tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Anaongea Kisukuma hadi cha mafumbo, ingawa ukimsikiliza vizuri utasikia kuna herufi zinamsaliti. Msiba ukitokea mtaani, yeye ndiye anayeshika sufuria kubwa. Ukimuuliza mwenyekiti wa kitongoji huyu ni nani, atakwambia ni mke wa fulani, mama wa fulani. Hatakwambia ni mgeni. Ila ukimuuliza kompyuta, kompyuta haimjui.

Mwaka jana akaanza kutokwa damu isivyo kawaida. Zahanati wakampima wakasema aende hospitali, huko wakakuta uvimbe kwenye kizazi, akahitaji upasuaji. Kwa kadi, sehemu kubwa ya gharama ingekuwa imeshamalizika. Bila kadi ikawa fedha taslimu: kitanda, vipimo, upasuaji, dawa, damu ya kuongezewa, nauli ya ndugu wa kumuuguza. Baba mdogo akapeleka dume mnadani akiwa na haraka, na mnunuzi akiona haraka machoni mwako bei inashuka hapo hapo. Lile dume ndilo lilikuwa ada yangu. Mkopo wangu haujajaa, nilipangiwa asilimia, na ile inayobaki tulishakubaliana itatoka kwenye mkia wa lile dume. Nilisajiliwa muhula ule nikiwa nimechelewa wiki kadhaa, nikakosa majaribio mawili, na nusura nidisco.

Sisemi haya mnichangie. Mama mdogo amepona, mimi nipo mwaka wa tatu, mambo yanaenda. Nasema ili tuone kwamba mtu mmoja asiye na karatasi akiachwa nje ya bima, hakai nje peke yake. Waliokaa nje naye siku ile walikuwa Watanzania saba: mume wake, watoto wake wanne ambao ni raia kwa kuzaliwa na baba raia, mama yake baba mdogo, na mimi hapa. Wote tuna haki zote za raia, na wote tulilipia.

Sasa tuje kwenye sheria. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na Rais akaisaini mwishoni mwa mwaka huo. Jina lenyewe linasema kwa wote. Ndani yake, anayetakiwa kujiunga na skimu ya bima ni mkazi. Mimi si mwanasheria, nasoma elimu, lakini neno "mkazi" kwa Kiswahili cha kwetu halina utata: ni anayekaa. Mama mdogo anakaa. Analala Binza, analima Binza, amezika mtoto Binza. Shida ni kwamba mkazi wa kijiji na mkazi wa karatasi ni watu wawili tofauti. Wa karatasi ni raia mwenye kitambulisho au mgeni mwenye kibali. Mama mdogo hana kitambulisho cha raia kwa sababu si raia. Hana kibali cha ukaazi kwa sababu kibali kinaanzia kwenye pasipoti, na aliyevuka mpaka mgongoni mwa bibi hakubeba pasipoti. Hana kitambulisho cha mkimbizi kwa sababu alitoka kambini akiwa binti mdogo. Milango mitatu, na hakuna hata mmoja aliosimama mbele yake.

Kuna mtu atasema, "Si aombe uraia? Ameolewa na Mtanzania." Ni kweli, Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia nafasi ya kuomba. (Mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, lakini hayo ni mada ya siku nyingine, dada zetu wa sheria watuandikie.) Ila kuomba ni safari. Inahitaji nyaraka ambazo hana, ada, na zaidi ya yote inahitaji uingie mwenyewe kwenye ofisi ya uhamiaji useme, "Nipo hapa miaka yote hii bila kibali." Nani kati yetu ana moyo huo? Watu wa kanda yetu hawajasahau Septemba 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kusaka wahamiaji haramu. Kabla yake Rais Kikwete alikuwa ametoa wiki mbili watu waondoke kwa hiari. Wapo waliokaa nchini miaka na miaka wakajikuta upande wa pili wa mpaka, wameacha mke, mashamba na mifugo. Mama mdogo wakati ule alilala nje ya nyumba yake wiki nzima, kwa dada yake baba, ingawa Simiyu operesheni haikufika. Hofu haisomi ramani ya mikoa.

Nataka mlinganishe na rafiki yangu wa chumbani. Yeye anatoka Ulyankulu, Tabora. Babu na bibi yake walikimbia Burundi mwaka 1972. Serikali yetu ilifanya jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya: wakimbizi wa 1972 waliokuwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakaulizwa wanataka kurudi au kubaki, wengi wakachagua kubaki, na kuanzia 2014 vyeti vya uraia vikagawiwa kwa watu zaidi ya 162,000. Rafiki yangu ni Mtanzania kamili. Ana namba ya NIDA, cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, bodi ya mikopo imempa fedha, bumu likitoka tunagawana chipsi. Ana bima. Mwaka juzi aliugua malaria kali akalazwa siku nne, akatoka bila kudaiwa hata senti.

Mama mdogo wangu na bibi wa rafiki yangu wamekimbia nchi ile ile, kwa sababu zinazofanana, kuja nchi ile ile. Mmoja alikimbia 1972, mwingine 1993. Mmoja ana kadi, mwingine ana nafasi iliyo wazi. Hakuna aliyechagua mwaka wa vita.

Nilimsimulia haya mwanafunzi mwenzangu mmoja pale kantini, msomi mzuri tu wa uchumi. Akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo wewe unataka kodi zetu zitibu Burundi nzima?" Swali lake halikuwa la kijinga, na wengi wenu mnaliuliza kimya kimya. Kwa hiyo nilijibu kwa utaratibu.

Kwanza, kodi. Mama mdogo akinunua sabuni, mafuta ya kupakaa, au vocha ya simu, VAT ya asilimia 18 inakatwa bila kuuliza uraia wake. Pamba anayopalilia ikifika kwenye mzani inakatwa tozo kama pamba ya mtu mwingine yeyote. Mtoza kodi hajawahi kumwambia, "Mama, wewe subiri kwanza, ukipata NIDA ndiyo utalipa."

Pili, hapa hatuzungumzii matibabu ya bure. Tunazungumzia bima, yaani mtu analipa kabla hajaugua. Ile 30,000 ililipwa. Aliyepoteza ni nani? Mfuko umekusanya pesa ya watu sita ukahudumia watano. Nikimwambia mtu wa uchumi kwamba kuna duka limeuza mikate sita likatoa mitano, ataniambia huo ni wizi. Kwa nini kwenye afya tuuite utaratibu?

Tatu, maradhi hayana pasipoti. Hapa kanda ya ziwa tumejifunza kwa gharama. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera, na Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hiyo Biharamulo. Ugonjwa wa namna hiyo unadhibitiwa kwa kitu kimoja kikubwa: mgonjwa ajitokeze mapema na aseme ukweli amekaa na nani. Sasa mtu ambaye kila dirisha la serikali kwake ni dirisha la uhamiaji, atajitokeza? Atajifungia ndani, na waliomuuguza watakuwa Watanzania. Kifua kikuu wameshalielewa hili. Dawa za TB zinatolewa bila malipo, na mganga anachotaka kujua ni kama umemaliza dozi, siyo umezaliwa wapi. Chanjo za watoto ni hivyo hivyo. Kwa hiyo tunajua namna ya kufanya, tunachosita ni kuisogeza hatua moja mbele.

Akaniuliza, "Na wale watakaovuka mpaka wakiwa wagonjwa tayari, wajiandikishe leo, wapasuliwe kesho?" Hapo, wanachuo, nilikubali kwamba ana hoja. Bima yoyote ikikusanya wagonjwa tu inakufa, na hilo si suala la wageni peke yao. Hata sisi raia tuna tabia ya kukumbuka bima siku tumbo limeuma. Lakini dawa yake inajulikana: mtu akijiunga asubiri kipindi fulani kabla ya kuanza kutumia, kaya ijiunge nzima badala ya mgonjwa peke yake, na awe na ushahidi kwamba anaishi hapa, tuseme daftari la mkazi la mtendaji wa kijiji linaloonyesha yupo kwa mwaka mmoja au zaidi. Mtu aliyevuka jana hawezi kughushi miaka ishirini ya kushika sufuria za msibani. Kitongoji kizima ni shahidi.

Tusifikiri hili ni wazo la ajabu. Jirani zetu Rwanda, tangu 2019, wamewaingiza wakimbizi wanaoishi mijini kwenye Mutuelle de Santé, bima ile ile ya wananchi, na wanafunzi wakimbizi wakiwemo. Kenya, kabla hata ya kuhama kutoka NHIF kwenda SHA Oktoba 2024, wakimbizi wa Nairobi walikuwa wanaandikishwa NHIF kwa msaada wa UNHCR. Mbali zaidi kuna Thailand, nchi inayotegemea vibarua kutoka Myanmar, Laos na Kambodia kama sisi tunavyotegemea vibarua wa msimu. Tangu 2001 wana bima ya wahamiaji: mfanyakazi analipa kwa mwaka, anapimwa afya, anatibiwa hospitali za serikali. Hata Uingereza, ambayo hakuna anayeweza kuisema ni laini kwa wahamiaji, ikimpa mwanafunzi wa Kitanzania viza inamtoza pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na akishalipa anakaa foleni moja na Mwingereza. Ni ghali, ndiyo. Lakini kanuni inaeleweka: umelipa, umeingia.

Na hapa nyumbani kuna jambo linanichekesha na kunikera kwa wakati mmoja. Tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni anayetua Zanzibar analazimika kuwa na bima, dola 44, inayomgharamia akiugua au kuumia akiwa visiwani. Ni sera nzuri, naiunga mkono. Lakini ina maana kwamba mtalii wa siku nne, anayekuja kuota jua Nungwi, tumemfikiria. Mama anayelima pamba yetu kwa miaka ishirini tumemwambia asubiri kwanza. Mtu wa fedha za kigeni tumempa namba. Mtu wa choroko hatuna pa kumwandika.

Tena ukienda Kigoma utakuta kitu cha kutufundisha adabu. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na vituo vyake vya afya, vinavyoendeshwa kwa fedha za mashirika, havitibu wakimbizi tu. Wananchi wa vijiji vya jirani, Watanzania, wanaingia kutibiwa mle. Hakuna mwanamke wa Kasulu aliyekuja na uchungu akaambiwa, "Hii ni ya Wakongo na Warundi, lete kitambulisho cha ukimbizi." Kwa hiyo tunaonja ukarimu huo sisi wenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Huko mwenyeji amepona kweli.

Sisi Wasukuma hasa tungetakiwa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Nani nchi hii ameitwa mgeni kuliko sisi? Wajomba zangu walifuata malisho hadi Usangu. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Ihefu, wengine wakasafirishwa na ng'ombe zao hadi Lindi, ambako walikuta watu wanawaangalia kama wametoka mwezini. Walikuwa raia, wana kadi za kupigia kura, lakini kwenye kila ofisi ya kijiji walianza na swali lile lile: wewe ni wa wapi? Mjomba wangu mmoja anasema swali hilo ukiulizwa mara ya kwanza ni salamu, ukiulizwa mara ya kumi ni mlango.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mipaka ifutwe. Sisemi kila aliyeko nchini apewe uraia, huo ni mjadala wake na una uzito wake. Serikali ina haki ya kujua nani yupo ndani ya nyumba. Ninachosema ni kwamba swali la uraia na swali la matibabu ni maswali mawili, na tuyaweke kwenye madirisha mawili. Afisa uhamiaji afanye kazi yake uhamiaji. Mwandikishaji wa bima asilazimishwe kuwa afisa uhamiaji msaidizi, maana hakusomea, halipwi kwa hiyo kazi, na kila akiifanya anafukuza wachangiaji kwenye mfuko.

Kuna njia ya katikati, na chombo tayari tunacho. NIDA yenyewe kwa mujibu wa utaratibu wake haiandikishi raia peke yao. Inatambua makundi matatu: raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Maana yake mfumo wetu tangu mwanzo ulikubali kwamba mtu anaweza kuwa na namba bila kuwa raia. Kilichokosekana ni namba ya watu kama mama mdogo, waliodondoka katikati ya makundi hayo. Mpeni namba ya utambuzi wa huduma tu. Iandikwe wazi kabisa kwamba hii si uraia, si kibali, haipigi kura, haipati mkopo wa bodi. Inamtambulisha kwenye bima na zahanati, basi. Serikali itakuwa imepata inachokitaka, yaani kumjua. Na yeye atakuwa amepata anachohitaji, yaani kutibiwa kabla uvimbe haujawa ng'ombe.

Sasa, sisi huku chuoni tunahusikaje? Nina mambo matatu na nayaelekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi bila kupepesa macho.

Moja: tuna kitivo cha sheria chenye msaada wa kisheria kila muhula, lakini ni wa migogoro ya viwanja na talaka. Ongezeni meza moja ya uraia na nyaraka. Wapo wanafunzi humu humu ambao mzazi mmoja hana karatasi na hawajui kwamba wao wenyewe ni raia kwa mzazi wa pili. Nimekutana na wawili. Mmoja hakuomba mkopo mwaka wa kwanza kwa hofu tu, akasoma mwaka mzima kwa kuuza vocha.

Mbili: wenzetu wa udaktari na uuguzi mnaoenda mafunzo kwa vitendo vijijini, andikeni mnachokiona kwenye mapokezi. Ni wangapi wanageuzwa, wanaulizwa nini, wanarudi wakiwa na hali gani. Msiandike majina yao, andikeni idadi na sababu. Wabunge wanapenda namba, na kwa jambo hili namba za kijijini hakuna mtu anazikusanya.

Tatu: kanuni za bima ya afya kwa wote zikija kwa wadau kutoa maoni, tusiache watu wa hoteli za Dodoma peke yao. Tunajua kuandika. Tunaandika kurasa nane za malalamiko kuhusu maharage ya kantini! Tuandike ukurasa mmoja kuhusu neno "mkazi": kwamba mwenza na mtegemezi wa raia, anayeishi kwenye kaya na kujulikana na serikali ya kijiji, aingie kwenye kadi ya kaya. Ukurasa mmoja tu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Jioni mama mdogo aliniita, "Ng'wanone, njoo unisomee hii." Akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni alipoifunga na vyeti vya kliniki vya watoto. Ilikuwa inakaribia kuisha muda, na baba mdogo alishatenga 30,000 nyingine. Nikamsomea majina yote matano. Alipoona nimenyamaza akauliza, "Na hapa chini pamebaki wazi?"

Nikamwambia ndiyo, pamebaki.

Akaikunja nailoni vizuri, akairudisha kabatini. "Sawa," akasema. "Mwambie baba yako alipe. Watoto wasije wakakosa."